Skuli ya Sebuleni: Wakatoliki wa London na Mafunzo ya Watoto Nyumbani

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike kidogo juu ya mambo ya kale, na mara hii wameniachia nichague mwenyewe. Nimechagua jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya jamaa: khabari za familia za Kikatoliki za London, na namna zilivyokuwa zikiwafundisha watoto wadogo nyumbani.

Najua nitaulizwa: huyu aliyekulia chuoni kwa juzuu na ubao, ana nini na Wakatoliki? Majibu yangu ni mawili. La kwanza, sisi tuliotoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam tukaishia hapa hatukuwa watu wa dini moja. Wagoa walikuwa majirani zetu kule, na wengi wao ni majirani zetu hapa, na majina yao yamo katika kurasa za kitabu hiki. La pili, Wakatoliki wa Uingereza waliishi zaidi ya miaka 200 katika hali inayofanana na yetu: watu wachache, wanaotaka watoto wao warithi kitu ambacho skuli ya mtaani haiwezi kuwapa. Tena wao walikuwa na dhiki kuliko sisi, maana kwao kufundisha kulikuwa kosa mbele ya sheria. Na juu ya hayo, hawakupotea. Inafaa tujue waliwezaje.

Kufundisha lilipokuwa kosa

Malkia Elizabeth wa Kwanza alitawala kutoka 1558 hadi 1603. Mwaka 1559 Bunge lilipitisha sheria ya kuwataka watu wote wahudhurie kanisa la Serikali. Asiyekwenda alitozwa peni 12 kwa kila Jumapili. Mwaka 1581 adhabu ikapandishwa ikawa pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo walimu wengi wa zama hizo hawakuzipata hata kwa mwaka mzima. Sheria hiyo hiyo ya 1581 ilimgusa mwalimu moja kwa moja: aliyemweka nyumbani kwake mwalimu asiyekwenda kanisa la Serikali alitozwa pauni 10 kila mwezi, na mwalimu mwenyewe alifungwa mwaka mmoja na kukatazwa kusomesha.

Mwaka huo huo, tarehe 1 Disemba, padri Edmund Campion alinyongwa Tyburn. Mahali penyewe nyote mnapapita: ni pale Marble Arch, inapoanzia Edgware Road, njia tunayoshika tukienda kununua tende na nyama ya halali. Katikati ya barabara kuna jiwe la kumbukumbu, na karibu yake ipo nyumba ya watawa wa kike waliofika hapo mwaka 1903 kuwaombea waliouawa.

Sheria haikulegea upesi. Mwaka 1700 ilipita nyengine iliyosema kwamba Mkatoliki atakayeendesha skuli atafungwa maisha, na mzazi atakayempeleka mtoto ng'ambo akasomeshwe Ukatoliki atatozwa pauni 100. Matajiri walijitia hatarini wakawapeleka watoto wao Ufaransa na Flanders, kwenye vyuo kama kile cha Douai kilichoanzishwa mwaka 1568. Lakini fundi viatu wa Holborn au mchuuzi wa samaki angepata wapi fedha za kumpeleka mwanawe ng'ambo? Kilichobaki kilikuwa ni nyumba.

Mama, shangazi na nyumba ya Hammersmith

Ndani ya nyumba hizo aghalabu mwalimu alikuwa mama. Sababu yake ni ya kisheria pia. Mali ya mke ilikuwa mikononi mwa mume, kwa hivyo mume ndiye aliyekamatwa kwa faini. Wengi wao wakachukua njia ya katikati: baba akaenda kanisani Jumapili kuokoa mali, mama akabaki nyumbani kuokoa dini. Watu wa Serikali walilijua jambo hili, na likawaudhi sana, lakini ni vigumu kumweka askari katika kila jiko.

Mfano mmoja unajulikana na kila aliyesoma fasihi ya Kiingereza. Alexander Pope, mshairi mkubwa ambaye jina lake la ukoo, ajabu yake, ndilo jina ambalo Waingereza humwitia Baba Mtakatifu, alizaliwa hapa London mwaka 1688 kwa wazee Wakatoliki. Alifundishwa kusoma na shangazi yake. Baadaye alipitishwa katika skuli mbili tatu za siri kwa muda mfupi, na tangu umri wa miaka 12 hivi alijisomea mwenyewe nyumbani. Chuo kikuu cha Oxford na kile cha Cambridge vilikuwa haviwapi Wakatoliki shahada. Basi mmoja katika mabingwa wa lugha ya Kiingereza alipata herufi zake za mwanzo kwa shangazi, kama wengi wetu tulivyopata alifu na be kwa bibi.

Kwa wasichana, kulikuwa na kazi ya Mary Ward, mwanamke wa Yorkshire aliyezaliwa mwaka 1585. Yeye alikusanya wanawake wenzake wawe walimu, katika zama ambazo hata wakuu wa kanisa lake mwenyewe hawakupenda watawa watoke nje ya kuta. Kanisa lilimvunjia jumuiya yake mwaka 1631, lakini wenzake hawakukata tamaa. Mwaka 1669, yeye akiwa amekwishakufa, mmoja wao aitwaye Frances Bedingfield alifungua nyumba Hammersmith kwa msaada wa Malkia Catherine wa Braganza, yule binti wa Kireno ambaye mahari yake kwa Mfalme Charles wa Pili ilikuwa pamoja na mji wa Bombay. Walimu walivaa nguo za kawaida, na nyumba kwa nje ilionekana ni ya kufundishia adabu mabinti wa watu. Ndani mlikuwa na rozari na sala.

Jina jengine la kukumbuka ni Richard Challoner, askofu aliyewasimamia Wakatoliki wa London katika karne ya 18. Wakati huo Wakatoliki walisali katika makanisa madogo ya mabalozi wa kigeni, khasa lile la Sardinia karibu na Lincoln's Inn Fields, maana nyumba ya balozi haiguswi. Imepokewa kwamba Challoner aliwahi kuwahubiria watu katika kilabu cha pombe, kila mmoja na gilasi yake mbele, ili akiingia mpelelezi aone walevi tu. Mwaka 1740 alitoa kitabu cha sala kiitwacho The Garden of the Soul, nacho kilikusudiwa watu wa kazi: sala ya asubuhi, sala ya jioni, namna ya kuiendesha siku. Alifupisha pia katekisimu ya maswali na majibu, ambayo watoto waliihifadhi kwa moyo. Nyumba isiyokuwa na padri wala skuli iliweza kujiendesha kwa vitabu viwili hivyo.

Mwaka 1778 Bunge lilifuta kile kifungo cha maisha cha walimu. Jawabu la mitaani lilikuwa fujo za Juni 1780. Maelfu ya watu waliandamana na Lord George Gordon kupinga sheria hiyo, kanisa la Sardinia likavamiwa, gereza la Newgate likachomwa moto, na askari walipoamriwa kupiga risasi walikufa watu zaidi ya 200. Challoner, mzee wa karibu miaka 90, alifichwa Finchley. Alifariki tarehe 12 Januari 1781. Tarehe hiyo kwetu sisi wa Unguja ina khabari nyengine, lakini mzee anayekimbizwa usiku kutoka nyumbani kwake ni mzee yule yule popote alipo.

Skuli zajengwa, nyumba zanyamaza

Mwaka 1791 Wakatoliki waliruhusiwa kuwa na makanisa na skuli zao, na mwaka 1829 wakapata haki ya kuingia Bungeni. Njaa ya viazi ya Ireland, iliyoanza 1845, ikaleta London na miji mengine maelfu kwa maelfu ya Wakatoliki maskini. Maaskofu walipokutana mwaka 1852 walitoa shauri la busara: pasipokuwa na fedha za vyote viwili, ijengwe skuli kabla ya kanisa, na ibada ifanywe humo humo skulini. Ndiyo maana hata leo mtaa wowote wa London una skuli ya msingi ya Kikatoliki, na wengi katika watoto wetu wamesoma humo, Waislamu na Wakristo.

Lakini kila faida ina gharama yake. Skuli ilipojengwa, mama alipumzika, na nyumba ikanyamaza. Kazi ya kufundisha dini ikahamia kwa mwalimu, kama kwetu ilivyohamia kwa wengine. Na sheria nayo ikaja na lake: mwaka 1880 kusoma kukawa lazima kwa watoto wote wa miaka 5 hadi 10, na baadaye umri ukazidi kupandishwa.

Hata hivyo, katika Sheria ya Elimu ya 1944, kifungu cha 36, waliacha mlango wazi. Kilimtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anapata elimu inayomfaa kwa umri na uwezo wake, ama kwa kuhudhuria skuli au kwa njia nyengine. Kwa Kiingereza hiyo njia nyengine ni neno moja dogo tu, na kutokana na neno hilo chama cha wazazi wanaosomesha nyumbani, kilichoanzishwa mwaka 1977, kilijiita Education Otherwise. Maneno hayo yalihamishwa katika Sheria ya 1996, kifungu cha 7. Kwa upande wa Kanisa, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitangaza mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi likafunguka tena jambo la zamani, safari hii bila ya faini: baadhi ya familia za Kikatoliki, si nyingi, zikawarudisha watoto wadogo kwenye meza ya nyumbani.

Wagoa wetu

Sasa niwarejeshe kidogo nyumbani. Mapadri wa Kifaransa walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kanisa lao la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa Mji Mkongwe mwishoni mwa karne ya 19, sisi watoto tulilijua kwa jina moja tu: Minara Miwili. Wagoa walikuwa nguzo ya kanisa hilo. Walikuwa washoni, wapishi, waoka mikate, makarani, wapiga picha na wapiga muziki.

Kanisa lao tuliliona kwa nje, lakini kwa ndani tuliziona nyumba zao. Kila nyumba ilikuwa na altare ndogo ukutani, kisanduku cha mbao chenye sanamu, taa na maua. Jioni familia ilikusanyika kwa rozari. Kwa siku maalumu walialika majirani kwa ladainha, litania inayoimbwa nyumbani, na baada yake watoto waligaiwa dengu za kuchemsha. Sisi watoto wa chuoni tulisimama mlangoni tukingoja dengu hizo, na hakuna mzazi aliyetukataza.

Baada ya Januari 1964 wengi wao waliondoka kama tulivyoondoka. Wagoa wa Kenya walifuata kwa wingi mwaka 1968, na wa Uganda wakafukuzwa mwaka 1972. Walipofika London walizikuta skuli za Kikatoliki na makanisa ya Kikatoliki tayari. Ungedhani hawakuwa na haja tena ya altare ya ukutani. Lakini nimeingia katika nyumba zao nyingi, Tooting, Southall na Wembley, na sijaona hata moja iliyoiacha.

Kwaresima juu ya meza ya kulia

Mwaka 2019, muda mfupi baada ya kustaafu, jirani yetu alikuja kuniomba jambo. Ni mama wa Kigoa aliyezaliwa hapa, na wazee wake walitoka Unguja. Alikuwa akiwasomesha nyumbani watoto wake wawili, msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 5, na wa tatu alikuwa akitambaa. Halmashauri ilikuwa imemwandikia barua kutaka kujua watoto wanasoma nini, na yeye alitaka kwanza mwalimu mzee akae, aangalie, kisha amwambie kweli.

Nilikwenda asubuhi ya Jumanne tarehe 5 Machi, nikamkuta anapika chapati za maji. Nikadhani nimekosea siku. Kumbe ndilo somo lenyewe. Jumatano ya Majivu ilikuwa kesho yake, na zamani mayai na mafuta hayakuliwa Kwaresima, kwa hivyo yalimalizwa siku hiyo. Msichana alipima unga, akagawa mayai kwa idadi ya watu, akaandika alichokifanya. Kisha wakahesabu siku za kufunga: kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, zitoe Jumapili 6, zimebaki 40. Alizichora katika karatasi ndefu ubavuni mwa friji, na kila siku walitia rangi moja.

Nilirudi mara nyingi baada ya hapo. Masomo yalianza saa tatu asubuhi yakaisha kabla ya saa sita, na katika hayo dakika za kukaa kimya na kalamu hazikuzidi 40. Yaliyobaki yalikuwa ni kufanya. Walitia mbegu za haradali juu ya pamba yenye maji, kwa ajili ya ule mfano wa Injili wa mbegu ndogo inayokuwa mti. Walikwenda Tooting Common kuangalia matumba ya miti na mayai ya vyura katika maji, wakarudi kila wiki kuona viluwiluwi vimefika wapi. Tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, seremala, walipewa nyundo na misumari, na bibi yao akawahadithia Minara Miwili. Tarehe 25 Machi, siku Malaika alipompasha Maria khabari, walihesabu miezi tisa kwa vidole mpaka Krismasi. Mimi nikawaongezea kwamba zamani Waingereza walianzia mwaka wao siku hiyo hiyo, mpaka walipobadilisha mwaka 1752, na kwamba mwaka wa kodi kuanza tarehe 6 Aprili ni masalio ya hesabu hiyo. Mama yao alicheka, akasema sasa amejua wa kumlaumu.

Jambo lililonifurahisha zaidi lilikuwa la mwezi. Pasaka nayo hufuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa mwanzo wa majira ya machipuo, kuanzia tarehe 21 Machi. Msichana alikuwa akiuangalia mwezi dirishani, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi ukawa mpevu kweli. Asubuhi akamwuliza mama yake: mbona basi Pasaka si Jumapili hii, mbona kalenda inasema tarehe 21 Aprili? Mama hakuwa na jawabu. Tukatafuta sote watatu, tukaona kwamba Kanisa halihesabu kwa jicho bali kwa majedwali ya zamani, na katika majedwali hayo mwezi ule ulipevuka tarehe 20, siku moja kabla. Nikamwambia mtoto asione ajabu, kwani hata sisi kila mwaka tunagombana, huyu ameuona na yule hajauona. Katika miaka yangu yote ya darasani sikumbuki mtoto wa miaka 7 aliyeuliza swali bora kuliko hilo.

Jumapili ya Matawi walirudi na misalaba midogo ya makuti. Makanisa mengi ya Uingereza huagiza misalaba hiyo kutoka Masasi, kusini mwa Tanzania, ambako wanakijiji huitengeneza kwa majani makavu yaliyochanwa kama ukindu wa mikeka. Kazi ya mikono ya watu wetu imo makanisani humu kila mwaka, na wengi wetu hatujui. Misalaba huwekwa nyuma ya picha ukutani mpaka mwaka wa pili, kisha hukusanywa ikachomwa, na majivu yake ndiyo yanayopakwa Jumatano ya Majivu. Kesho yake, Jumatatu tarehe 15 Aprili, liliwaka moto kanisa la Notre-Dame la Paris. Watoto wakashinda wiki nzima wakilijenga upya kwa maboksi.

Sikusifu kila kitu. Mwandiko wa msichana ulikuwa mbaya. Mvulana, juu ya kujua hesabu na majina ya ndege, alikuwa hajui kusoma, na wenzake wa skuli walikuwa wamekwishaanza. Nilimwambia mama waziwazi kwamba nina wasiwasi. Akanijibu, "Bado, Mwalimu. Mpe mpaka Pentekoste." Nilinyamaza kwa adabu, lakini moyoni niliona anakosea. Mwaka ule Idi yetu iliangukia tarehe 4 Juni, na Pentekoste tarehe 9. Siku hiyo alituletea keki ya Idi iliyochelewa, na mvulana akasimama mbele ya kabati letu akasoma maandishi ya kopo la halua, neno baada ya neno, polepole, mpaka uzito wake na mahali ilikotengenezwa. Mama yake hakusema kitu. Ofisa wa halmashauri naye alikuja, akatazama daftari, akanywa chai, akaondoka ameridhika.

Machipuo ya 2020

Mwaka uliofuata sote tulifanywa walimu wa nyumbani. Skuli za Uingereza zilifungwa Ijumaa tarehe 20 Machi 2020, isipokuwa kwa watoto wachache, na misikiti na makanisa yakafungwa pia. Pasaka ya tarehe 12 Aprili Wakatoliki waliisali sebuleni, na Ramadhani ilipoandama mwishoni mwa mwezi huo tarawehe tuliisali sebuleni. Kwa jirani yetu mambo yaliendelea kama kawaida: karatasi ubavuni mwa friji, haradali juu ya pamba. Kwetu ilikuwa fadhaa.

Binti yangu alinipigia simu, watoto wake wawili wakilia nyuma yake, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia anipe mkubwa. Nikamwambia mjukuu wangu kwa Kiswahili, "Mwezi umeandama, bwana." Kimya. Kisha nikamsikia anamwuliza mama yake kwa Kiingereza, babu anasema nini. Na mama yake akasita.

Kosa hilo ni langu. Kwa miaka mingi nimewasomesha watoto wa watu katika skuli za mji huu, na wangu mwenyewe nikawaacha. Zamani mtu mmoja wa skulini alinishauri kwamba lugha mbili zitamchanganya mtoto, nami, mwalimu mzima, nikamsikiliza. Tuliporudi jioni tulichoka, tukazungumza nao Kiingereza mezani kwa kuwa ndicho kilichokuwa chepesi. Kiswahili tukakiweka kwa ajili ya darasa la Jumamosi, pamoja na juzuu. Darasa la Jumamosi ni zuri, na wanaoliendesha Mungu awalipe. Lakini saa mbili kwa wiki haziwezi kushindana na nyumba nzima iliyonyamaza.

Na sisi je?

Simwambii mtu atoe watoto wake skuli. Kodi za nyumba za London zinataka mishahara miwili, na kusomesha nyumbani kunachosha. Nilimwona jirani yangu siku nyengine amekaa ngazini analia. Wala sina ugomvi na Serikali inayotaka kujua watoto wako wapi. Disemba 2024 ulipelekwa Bungeni muswada wa kuzitaka halmashauri ziwe na daftari la watoto wasiosoma skuli, na wazazi wengi wa nyumbani waliupinga. Mimi kama mwalimu nimewaona watoto waliofichwa nyumbani bila ya kusomeshwa chochote, na naona daftari si adui. Wakatoliki wa zamani daftari kwao lilikuwa faini na gereza, kwetu sivyo.

Ninalolisema ni hili. Nilipozichunguza khabari za familia hizo, za mwaka 1700 na za jirani yangu, sikuona kwamba siri yao ilikuwa vitabu vingi wala walimu hodari. Waliyafunga mafunzo pamoja na mwaka wenyewe: na chakula cha Jumanne, na mwezi wa dirishani, na jani lililo nyuma ya picha. Mtoto hakuambiwa "sasa tunasoma dini". Aliishi nayo, kisha siku moja akajua kwamba anaijua. Na sisi ndivyo tulivyolelewa. Chuo chetu kilikuwa baraza la nyumba ya mwalimu, harufu ya mchuzi wake inatufikia tukisoma. Maulidi tuliyajua kwa sababu tulikuwa tukibeba sinia. Mwaka wetu haujakatika. Ramadhani inakuja, Idi mbili zinakuja, na kwa ndugu zetu Wagoa Kwaresima inakuja. Mwaka 2025 Ramadhani yetu wengi ilianza tarehe 1 Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Tulifunga pamoja, ngazi moja.

Tangu 2020 wajukuu wangu huja kila Jumapili baada ya alasiri, na tunafanya kazi mezani kwa saa moja, nusu yake jikoni. Bado wanazichanganya ngeli. Lakini mkubwa sasa anamsomea mama yake barua za shangazi yangu wa Unguja, na pale mama anaposita, yeye hasiti.

Basi ndugu zangu, nina ombi moja kwenu kwa kitabu cha mwakani. Kila nyumba iandike ukurasa mmoja: mnapika nini na watoto, mnasema maneno gani mezani, mnaadhimisha siku zipi na vipi. Wa msikitini na wa Minara Miwili, sote. Bibi asiyeweza kuandika aseme, na mjukuu aandike, maana hilo nalo ni somo. Mwenyezi Mungu atujaalie uhai na afya mpaka wakati huo.